Sio kila uvimbe mgumu ni kansa: fangasi ninaokutana nao kwenye slaidi hapa Moshi

Niko kwenye patholojia hapa Moshi miaka mingi sasa, kazi yangu ni kupokea vinyama vilivyokatwa kwa wagonjwa, kuviangalia kwenye hadubini na kusema hiki ni kitu gani, na leo nataka niandike kuhusu magonjwa yanayofanana na kansa wakati sio kansa, hasa fangasi. Watu wengi wakisikia fangasi wanawaza vidole vya miguu au mapunye ya kichwani, yaani kitu cha kupaka dawa wiki mbili ukasahau. Wapo wengine kabisa, wanaingia ndani ya mwili wanajenga uvimbe, kwenye paja, kwenye utumbo, shingoni, kwenye mapafu, hata kwenye ubongo, na daktari akishika kwa mkono anasema kansa, CT skani ikipigwa inasema kansa, na wewe wa hadubini ukiangalia haraka haraka huku fomu imeshaandikwa kansa, mkono unakwenda wenyewe kuandika kansa. Kumbe mwenye fangasi anatibiwa kwa vidonge na mwenye kansa anakatwa mguu.

Chukua la mtoto mmoja, sitataja kwao wala mwaka. Mtoto wa kiume hajaanza hata shule, anatoka huko tambarare kwenye mashamba, uvimbe umeanza kwenye kalio ukashuka pajani, mgumu kama ubao, haumi, ngozi juu yake imekaza ila haijachanika. Daktari wa upasuaji aliyemkata kinyama akanipigia simu akaniambia dokta kuna kitu kimoja sikielewi, ukingo wa huu uvimbe naweza kupenyeza vidole chini yake nikauinua. Fomu iliyomsindikiza kutoka alikoanzia ilikuwa na neno moja tu, sarkoma, yaani kansa ya nyama na misuli, na alama ya kuuliza, na familia ilikuwa imeshaambiwa wajiandae mguu kuondoka.

Slaidi ilipotoka kitu cha kwanza kilichonifanya nisimame ni eosinofili, zile seli zenye punje nyekundu nyekundu, zimejaa uwanja mzima mpaka huoni kingine. Sarkoma ya mtoto haiji hivyo. Nikazidi kutafuta, katikati nikakuta mashimo meupe, mengine marefu mengine ya duara, mapana, kuta nyembamba, na kila shimo limezungukwa na utando mzito wa pinki. Huo utando wa pinki una majina ya watu wawili, Splendore na Hoeppli, na ukiuona umezunguka mashimo ya namna hiyo kwenye paja la mtoto wa huku kwetu basi jua hayo mashimo ni nyuzi za fangasi zimekatwa, mengine kwa urefu mengine kwa mkato wa kati. Tukapaka rangi ya Grocott, ambayo ndio inatafutia fangasi, ikashika kidogo sana, na hapa ndipo wengi wanapoteleza maana wamefundishwa kwamba Grocott ikiwa hasi basi hamna fangasi wafunge faili. Fangasi wa kundi hili wanashika Grocott na PAS, rangi nyingine ya fangasi, vibaya, saa ingine rangi yetu ya kila siku, ile H&E, ndio inawaonyesha vizuri kuliko zote, ila mpaka uwe unajua unatafuta nini.

Huyo ni basidiobolo. Anaishi kwenye udongo, kwenye majani yaliyooza, na kwenye matumbo ya vyura na mijusi, kwa hiyo mtoto anayecheza chini kwenye shamba anakutana naye kila siku. Wagonjwa wa kwanza kabisa waliripotiwa Indonesia mwaka 1956, lakini sisi Afrika Mashariki hatuko mbali, mwaka 1964 ilitoka ripoti ya wagonjwa 31 kutoka Uganda na mmoja wa walioiandika ni Denis Burkitt, huyo huyo wa limfoma ya Burkitt. Mimi hilo huwa linanigusa sana, kwamba mtu aliyetuelezea kansa ya taya za watoto wetu ndiye huyo huyo alikuwa anahangaika na fangasi wa makalio ya watoto hao hao, hakutenganisha. Siku hizi sisi tunatenganisha sana, mtu wa kansa hataki kusikia habari za vimelea na mtu wa vimelea hataki kusikia habari za kansa.

Mtoto akaanzishwa itrakonazo, dawa ya fangasi. Zamani walitumia potasiamu iodidi na mpaka leo inafanya kazi, na ni ya bei ndogo, hilo kwa familia zetu sio jambo la kupuuza. Paja halikulainika kwa wiki, lilichukua miezi. Mama yake siku moja kwenye kliniki akaniuliza, "Dokta, kwa hiyo mguu wanauacha?" Nikamwambia wanauacha mama, mguu unabaki. Akauliza tena, nikamjibu tena, akamgeukia mtu aliyekuja naye akamwambia kwa Kichagga, kisha akaniuliza mara ya tatu.

Huyo fangasi akikaa tumboni ndio balaa zaidi, maana uvimbe unakaa kwenye utumbo mpana, mgonjwa anapungua, anatoa damu, na anaonekana kila upande kama kansa ya utumbo. Wengi wanafanyiwa upasuaji kwanza, utumbo unaondolewa, ndipo jibu linatoka kwenye slaidi. Kama kipimo cha damu kinaonyesha eosinofili ziko juu na mgonjwa ni kijana au mtoto, tafadhali liandikeni kwenye fomu. Neno hilo moja linaweza kunipeleka kwenye jibu siku hiyo hiyo.

Sasa upande wa pili kuna kansa zinazofanana zenyewe kwa zenyewe, na za watoto ndio mbaya kuliko zote. Ukiziangalia zote ni seli ndogo za duara, za bluu, zimebanana, kiini kikubwa, hakuna kitu kingine. Inaweza kuwa limfoma ya Burkitt, inaweza kuwa neuroblastoma, inaweza kuwa rabdomiosarkoma, inaweza kuwa Ewing, na ikiwa kwenye figo inaweza kuwa Wilms. Kwa macho tu unaweza kubahatisha lakini kubahatisha sio kazi yetu, kila moja ina dawa zake. Hapo ndio unahitaji imuno, yaani rangi za kingamwili zinazotafuta alama za kila aina ya seli, CD20 na CD10 kwa Burkitt, desmini kwa rabdomiosarkoma, CD99 kwa Ewing (na hiyo CD99 isikudanganye, inashika vitu vingi, limfoma fulani za watoto nazo zinashika), na ukipiga Ki-67, alama ya seli zinazozaliana, kwenye Burkitt karibu kila seli inawaka.

Ila imuno inaisha. Kemikali zinaisha, au kifaa kinasubiri fundi, au sampuli inabidi iende Dar, na Burkitt haisubiri, ni kansa ambayo inaweza kujizidisha mara mbili ndani ya siku moja mbili. Nilichojifunza ni kutodharau vitu vya zamani. Kinyama kikifika kikiwa bado kibichi, kikate, kausha damu taratibu kwa karatasi, gusisha slaidi mara moja tu bila kuburuta, acha ikauke na hewa, paka rangi ya Giemsa. Ndani ya nusu saa unaona seli za Burkitt zina saitoplazimu, ile sehemu inayozunguka kiini, ya bluu nzito yenye vitundu vyeupe vidogo vidogo vya mafuta, na kwa taya ya mtoto wa miaka sita hiyo inatosha kumpigia simu daktari wa watoto ukamwambia anza kujiandaa, imuno itafuata. Kuna vijana wanamaliza masomo siku hizi hawajawahi kugusisha slaidi hata mara moja, kwakweli inaniuma.

Turudi kwa fangasi, tuje kwenye mitoki ya shingo. Hapa kwetu mtoki wa shingo ni TB mpaka ithibitike vinginevyo, na mara nyingi ni kweli ni TB. Tatizo ni yule ambaye amekula dawa za TB miezi mitatu, minne, mtoki hausinyai, na sasa wanasema labda ni limfoma. Alikuja mzee mmoja wa namna hiyo kwenye kliniki yetu ya sindano, ile FNA ya kuvuta seli kwa sindano nyembamba, ambayo tunachoma wenyewe kwa hiyo hapo tunapata bahati ya kuongea na mgonjwa uso kwa uso. Nikamwamkia shikamoo mzee, marahaba, tukaongea wakati natafuta mtoki kwa vidole, ana uvimbe mwingine kwenye paji la uso na vipele vichache vigumu mgongoni ambavyo hakuna aliyeviandika popote. Nikamuuliza mzee shughuli zako ni nini, akasema yeye ni wa kahawa na migomba, ila kuna kipindi walipewa kazi ya kusafisha dari la ghala la zamani, popo walikuwa wamejaa, mavi yamefika goti. Sikumwambia kwamba hapo ndio alipoupata, nikaandika tu kwenye fomu kwa herufi kubwa.

Kwenye slaidi zilikuwepo seli kubwa zenye viini vingi, zile zinazoonekana kwenye TB, ila ndani yake zimebeba viduara vyenye ukuta mnene, viwili viwili vingine vimeshikana kwa shingo nyembamba. Hamira, yaani fangasi wa chembe moja moja wanaochipua. Hapo kazi inakuwa ni kupima ukubwa, na rula yangu mimi ni chembe nyekundu ya damu, ambayo ni kama maikromita 7 na iko kwenye karibu kila slaidi bure. Viduara vya yule mzee vilikuwa vikubwa kuliko chembe nyekundu. Fangasi wa mavi ya popo anaitwa histoplasma. Histoplasma ya kawaida ni ndogo sana, maikromita 2 mpaka 4, inajazana ndani ya makrofeji, zile seli za mwili zinazomeza vijidudu, mpaka unadhani ni vumbi. Ile ya Kiafrika, ya aina ya duboisii, iliyoelezwa mwaka 1952 kutoka Congo, inafika maikromita 8 mpaka 15 na inapenda ngozi, mitoki na mifupa. Kwenye mfupa inatafuna mpaka eksirei inasoma kansa imesambaa. Na hapo hapo lazima umtenganishe na fangasi wengine wawili, blastomaisi ambaye ana ukubwa huo huo ila anachipua kwa shingo pana, na kriptokoka ambaye ana ukubwa wa kila aina kwenye uwanja mmoja na ana ganda la ute linaloshika rangi ya musikamini likawa jekundu. Shingo nyembamba au pana, ukubwa mmoja au mchanganyiko, ganda lipo au halipo. Nimekaa na wanafunzi mpaka saa mbili usiku kwa maswali hayo matatu tu, na sio muda uliopotea.

Huyo mdogo, wa maikromita 2 mpaka 4, ana historia ambayo huwa nawaambia wanafunzi. Daktari Mmarekani Samuel Darling alimkuta Panama mwaka 1905, wakati wa ujenzi wa mfereji, kwa mfanyakazi kutoka Martinique aliyedhaniwa amekufa kwa TB ya kusambaa. Darling akaona viduara ndani ya seli, akadhani ni kimelea wa jamii ya leishmania, akaandika pia kwamba ana ganda. Mwaka 1912 mtafiti Mbrazili da Rocha Lima akalinganisha slaidi na leishmania yenyewe akasema huyu ni fangasi. Na lile ganda halipo, ni seli imesinyaa wakati wa kutengeneza slaidi ikaacha nafasi nyeupe pembeni. Mpaka leo ukikuta vitu vidogo vidogo ndani ya makrofeji swali ni lile lile, na jibu linapatikana kwa Grocott, histoplasma inakuwa nyeusi na leishmania haishiki.

Na msidhani ni ugonjwa wa vitabuni. Utafiti uliofanyika huku huku kaskazini mwa Tanzania kwa wagonjwa 970 waliolazwa na homa ulikuja kugundua baadaye kwamba 9 kati yao yaelekea walikuwa na histoplasmosisi, yaani ugonjwa wa huyu histoplasma, na 7 kati ya hao 9 wodini walikuwa wameandikiwa TB au nimonia ya bakteria. Asilimia moja haifiki, najua, lakini fikiria watu wangapi wanalazwa na homa kwa mwaka halafu fikiria wangapi wanakwenda nyumbani na dawa za TB.

Kingine ni ngozi. Hapa Moshi jicho letu limezoea skwamasi kasinoma, kansa ya ngozi ya juu, kuliko sehemu nyingi, kwa sababu ya ndugu zetu wenye ualbino wanaokuja kutoka mikoa mbalimbali kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi pale hospitali ya KCMC, pale pale ilipoanzia ile krimu ya jua ya Kilisun. Sasa jicho likishazoea linatangulia. Mkulima ana kitu kwenye mguu kimeota vinundu vinundu kwa miaka mingi, kinanuka, kinatoka damu kikiguswa, ukikata unaona ngozi ya juu imezama ndani kwa vidole vidole virefu, seli zimechangamka, na ukisoma kipande kidogo cha juujuu utaapa ni kansa. Mpaka uende kwenye vijipu vidogo vidogo vilivyo ndani ya hiyo ngozi, utulie kwenye lenzi ya 40, ndipo unaona viduara vya kahawia, rangi ya shaba, kuta nene, vimegawanyika katikati kwa msalaba. Hiyo ni kromoblastomaikosi, fangasi wa kwenye miiba na vijiti vilivyooza, anaingia kwa kuchomwa, na mtu hata hakumbuki alichomwa lini.

Huyu hahitaji rangi maalum, anakuja na rangi yake mwenyewe, na ukimpaka Grocott ndio unampoteza kwa sababu kila kitu kinakuwa cheusi na ule ukahawia wake unafunikwa. Kwa hiyo H&E kwanza siku zote, isome kwa uvumilivu. Maisetoma naye ni hivyo hivyo, wafugaji wa Simanjiro na Same wanaotembea kwenye miiba ya migunga wanakuja na mguu umevimba una matundu, mtu anasema sarkoma, kumbe ukiminya usaha unatoka na punje nyeusi. WHO waliuweka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2016. Ukiona punje usizitupe na pamba, zitie kwenye chupa zije maabara, punje moja ina habari kuliko kipande kikubwa cha ngozi ya juu.

Niseme kidogo kuhusu Grocott yenyewe maana tunaitaja kirahisi. Iliandikwa na Grocott mwaka 1955, naye akiwa Panama, hospitali ile ile ya Ancon aliyofanyia kazi Darling ila wakati huo ishabadilishwa jina inaitwa Gorgas. Ni rangi ya fedha, na fedha ina hasira. Vyombo viwe visafi kabisa, usiingize koleo la chuma kwenye mchanganyiko, tumia la plastiki, chuma kinavuta fedha inaganda hovyo. Slaidi zinakaa kwenye joto la kama nyuzi 60, na hapo hakuna kuondoka kwenda kunywa chai, unasimama, unachungulia, kinyama kinaanza njano kinakwenda kahawia ya karatasi ya kaki, unatoa slaidi ya mfano ambayo unajua ina fangasi, unaisuuza, unaiangalia kwenye hadubini, kama fangasi wako kahawia iliyokolea na nyuma bado kweupe, unatoa zote. Ukizidisha, kila kitu kinakuwa cheusi, ute mweusi, nyuzi za elastini nyeusi, mpaka chembe nyekundu za damu zinakuwa nyeusi na mtu anazihesabu ni hamira. Ukipunguza, hakuna kitu. Ile slaidi ya mfano ndio inayokulinda, na fundi anayekuletea Grocott bila slaidi ya mfano mrudishie, kwa heshima lakini mrudishie. Kwenye maabara yetu kuna dada mmoja ambaye Grocott zake ni safi mpaka tunagombania ni nani atazisoma, na nusu ya majibu ninayosaini kwa ujasiri ni kwa ajili ya mikono yake.

Kuna pia vitu vinavyojifanya fangasi wakati sio. Kwenye mitoki kuna vimwili vya njano kahawia vya Hamazaki na Wesenberg, vinashika Grocott, vinashika PAS, na saa ingine vinaonekana kabisa vinachipua. Kinachokusaidia ni kwamba vina rangi yao tayari kwenye H&E na tishu iliyovizunguka imetulia, haina ugomvi wowote. Kuna unga wa glavu, kuna matone ya ute, kuna chokaa. Na kuna fangasi wa kweli ambaye hakutoka kwa mgonjwa, ameota kwenye maji ya beseni ambamo vipande vyembamba vya nta yenye kinyama vinaelea au ameanguka kutoka hewani. Huyo chezesha fokasi ya hadubini polepole, utaona kinyama kikiwa safi yeye ana ukungu, na yeye akiwa safi kinyama kina ukungu, yaani yuko juu ya tishu, hayuko ndani yake. Hakuna seli yoyote iliyomjia. Fangasi aliyekuwa anaishi ndani ya mtu lazima mwili uwe umemjibu, isipokuwa kwa mgonjwa ambaye kinga imeisha kabisa, huyo anaweza kuwa na histoplasma imejaa na mwili umekaa kimya.

Ambalo limenichukua muda mrefu zaidi kulikubali ni kwamba kupata jibu moja hakufungi jibu la pili. Kwa wagonjwa wa VVU ambao kinga imeshuka sana, mtoki mmoja unaweza kuwa na kansa ya Kaposi upande huu na TB upande ule, na kriptokoka katikati. Kaposi ukipaka alama ya HHV-8, kile kirusi kilichogunduliwa mwaka 1994, viini vinawaka na roho inatulia, na roho ikitulia ndio unafunga slaidi kabla hujamaliza kona zote. Na ile kromoblastomaikosi ikikaa miaka mingi sana bila dawa inaweza kugeuka kansa kweli, kwa hiyo ukishaona viduara vya shaba usishangilie, rudi uangalie vile vidole vya ngozi chini kabisa, vimeingia kwenye misuli au la, viini vimeharibika au la, na kama kipande ni kidogo omba kingine cha ndani zaidi.

Sasa mengi ya haya yanaamuliwa kabla kinyama hakijanifikia, na hapa naongea na madaktari na manesi wa huko wilayani, sio kwa lawama, najua mnavyofanya kazi na vifaa vichache. Formalini inaua fangasi. Kinyama kikishaingia mule hakiwezi tena kuoteshwa, tumebaki na macho tu. Kwa hiyo kama kuna hata wazo dogo la maambukizi, kata vipande viwili, kimoja kiende kwenye formalini ya asilimia 10, cha pili kiweke kwenye chupa safi yenye saline kiende maabara ya vimelea siku hiyo hiyo. Formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na chupa iwe na mdomo mpana, maana kuna vinyama vinakuja vimesukumwa kwenye chupa ya dawa yenye shingo nyembamba, kikishaganda humo hakitoki mpaka uvunje chupa, na katikati kinakuwa kimeoza. Na fomu jamani. Umri, anakotoka, kazi yake, uvimbe umeanza lini, hali ya VVU, dawa za TB amekula muda gani, eosinofili za damu kama zipo. Andika kwa mkono wowote, hata kama mwandiko ni mbaya tutausoma.

Na kwa mgonjwa au ndugu anayesoma hapa: kinyama chako kikishatengenezwa kinabaki maabara kwenye bloku ya nta, inatunzwa kwa miaka, na kutoka kwenye bloku hiyo tunaweza kukata slaidi mpya za rangi nyingine bila kukuchoma sindano wala kukukata tena. Ukiambiwa kansa na matibabu yanayofuata ni kukatwa kiungo, una haki ya kuuliza kama kinyama kilipakwa rangi ya fangasi na ya TB, na una haki ya kuomba bloku au slaidi zako zisomwe na mtu wa pili. Nenda na nakala ya ripoti, namba ya maabara iko juu kulia au kushoto, hiyo ndio tunayotafutia. Hakuna patholojia wa maana atakayekasirika, mimi mwenyewe nikiwa na kesi ngumu napeleka slaidi kwa wenzangu kabla sijasaini.